UZI: Pedeli ya mafuta inafika sakafuni, leva ya pampu haijafika mwisho (Canter 4D33 na dizeli nyingine za kebo)

#1 Tani_Tatu_Nusu

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kitaalamu.

Gari ni Canter ya kabini ya kuinua, injini 4D33 isiyo na turbo, pampu ya mstari, mafuta yanavutwa kwa kebo. Kebo ilibadilishwa kabini ikiwa juu, siku ya kazi ya klachi. Tangu hapo hali ni hii:

Ikiwa imesimama, ukikanyaga hadi sakafuni resi inapanda safi halafu inagota mapema. Haikatikikatiki wala haitetemi, inatulia tu chini ya pale ilipokuwa ikifika. Ikiwa na mzigo inavuta vizuri gia ya pili na ya tatu resi ikiwa chini, ila haivuki resi ya katikati. Inakulazimu upandishe gia mapema, na mlima ukianza unakushinda.

Moshi hakuna, si mweusi si mweupe. Filta ya dizeli mpya, ea klina safi, breki hazijakwama.

Kuna fundi anataka kukata lakiri (muhuri) ya bolti kwenye pampu "aiongeze kidogo". Sijaruhusu. Tuanzie wapi?

#2 Nozeli_Nne

Usiruhusu kabisa, mkuu. Bolti yenye lakiri hupangwa pampu ikiwa kwenye mashine ya kupimia, na ndiyo inayoweka kikomo cha resi ambayo gavana (kifaa cha pampu kinachodhibiti resi) ataruhusu. Kama leva haiigusi, kuilegeza hakukupi kitu leo: unakisogeza mbali kikomo ambacho tayari hukifikii. Hasara inakuja siku kebo itakaporekebishwa. Leva itapita mahali pake, injini itazunguka kuliko ilivyoundwa, na hapo valvu zinagonga pistoni au bolti ya konrodi inakatika.

Dalili zako zenyewe zinasema mengi. Dizeli za namna hii hazina kipepeo cha kubana hewa kama petroli. Pedeli inakaza springi ya gavana, na gavana ndiye anayesukuma reki ya mafuta (fito ndani ya pampu inayoongeza na kupunguza dizeli). Kwa gavana wa resi zote, leva ikiishia njiani injini inaweza kupata mafuta kamili resi ikiwa chini, lakini ikifika resi inayolingana na mkao wa leva, gavana anayakata. Ndiyo maana gari lako lina nguvu gia za chini na linakataa kupiga resi. Lingekuwa tatizo la dizeli kutofika, lingechoka zaidi kadiri mzigo unavyodumu, na resi ingeyumba.

Pima hivi, injini ikiwa imezimwa:

1. Inua kabini. Tafuta leva inayovutwa na kebo na bolti mbili zinazoizuia, moja kila upande.
2. Bandika kipande cha sabuni laini, unene wa kidole, kwenye ncha ya bolti ya resi (ile yenye lakiri).
3. Shusha kabini na uifunge kabisa. Hatua hii watu wengi huiruka. Kabini ikiwa juu kebo inakaa mkao mwingine, na kipimo chochote utakachochukua hapo si cha gari likiwa barabarani.
4. Mtu akanyage pedeli mpaka mwisho kwa nguvu za kawaida, aiachie.
5. Inua tena, tazama sabuni. Kama leva imeichapa mpaka kwenye chuma, leva inafika na tatizo liko kwingine. Kama imeiminya na kuacha unene, unene uliobaki ndio mwendo unaokosekana pale kwenye bolti.

Halafu chomoa kebo kwenye leva na uisogeze leva kwa mkono polepole. Ikifika kwenye bolti bila kukwama, pampu haina kosa lolote. Mwendo unapotea kati ya mguu na leva. Ikikwama njiani, usiilazimishe, rudi hapa tuongee.

#3 Raba_ya_Klachi

Swali kabla hajaenda: bolti ya sailensi (resi ya chini, mguu ukiwa nje ya pedeli) na ya resi anazitofautishaje? Kuna pampu zimepakwa rangi zote mbili.

#4 Nozeli_Nne

Ile ambayo leva imeiegemea pedeli ikiwa huru ni ya sailensi. Iliyo upande wa pili, ambayo leva inaielekea unapokanyaga, ni ya resi. Mara nyingi ina waya mwembamba wenye risasi au kofia ya chuma.

Na asichanganye leva ya mafuta na leva ya kuzimia. Zote zinatokea kwenye nyumba ya gavana, nyuma ya pampu. Ya kuzimia inavutwa na kebo ya dashibodini au na mota ndogo ya umeme, na ukiisukuma reki inarudi kwenye sifuri. Leva hii isiporudi yote baada ya kuwasha, injini inanyimwa mafuta hata kama leva ya pedeli imefika mwisho. Kwa hiyo chomoa na kebo yake pia uone kama leva ya kuzimia inarudi zaidi ya pale ilipokuwa. Ikirudi hata milimita 2, kebo yake imekazwa mno.

#5 Spana_Kumi_na_Saba

Niongeze la nobu ya sailensi dashibodini, ile ya kuzungusha au kuvuta wakati wa baridi. Wengi huilaumu bure. Ikiwa imevutwa leva inaanza safari mbele kidogo, kwa hiyo pedeli inakuwa na mwendo mtupu mwanzoni, lakini kule mwisho haipunguzi kitu. Ipasayo kukaguliwa ni breketi yake: baadhi ya magari waya wa nobu unafungwa na skrubu ndogo kwenye leva ileile, na skrubu ikigeuka inagonga mwili wa pampu kabla leva haijafika kwenye bolti.

Kitu kingine cha bei ya bure: toa kapeti zote chini ya pedeli. Si kuzikunja, zitoe. Kapeti nene ya raba juu ya kapeti ya kiwandani inakula milimita 15 hadi 20 za pedeli bila wewe kuona, kwa sababu mguu unahisi umegota "sakafuni".

#6 Tani_Tatu_Nusu

Nimepima, wakuu. Majibu:

- Kapeti haipo kabisa, ni bati tupu.
- Kebo ikiwa imechomolewa, leva inakwenda laini mpaka bolti ya resi. Tundu la pini ya kebo linasafiri milimita 38 kutoka sailensi hadi resi.
- Kebo ikiwa imefungwa na pedeli chini kabisa, tundu hilo linasafiri milimita 27.
- Pedeli ikiwa huru, waya wa ndani umelegea kama milimita 5 kabla haujaanza kuvuta leva.
- Leva ya kuzimia inarudi yote.

#7 Nozeli_Nne

Safi. Sasa tuna hesabu badala ya kubahatisha. Zinakosekana milimita 11. Tano zimeonekana: ni ulegevu wa kebo, utaziondoa kwenye nati za kurekebishia. Usiondoe zote; acha milimita 1 hivi ili leva iegemee bolti ya sailensi yenyewe, isining'inie kwenye kebo. Kebo ikikaza mno sailensi inapanda, na utadhani ni bolti ya sailensi imelegea.

Zimebaki 6 au 7. Hizi ndizo zinazofichika, na kwa kebo iliyobadilishwa kabini ikiwa juu, macho yangu yanakwenda sehemu mbili.

Kwanza ganda la kebo. Waya wa ndani unavuta, ganda la nje linasukumwa upande wa pili kwa nguvu ileile. Ganda likiwa halijakaa sawasawa kwenye breketi, kila unapokanyaga linajisogeza lenyewe, na kila milimita inayosogea ni milimita ambayo leva haikuipata. Shika ganda kwa vidole viwili pale linapoingia kwenye breketi karibu na pampu, mwenzako akanyage. Usihisi kitu chochote. Rudia kule linapopenya kwenye sakafu ya kabini. Klipu ya umbo la U isipokuwepo, au raba ikiwa imechakaa, utaliona linatoka na kurudi.

Pili njia ya kebo. Kebo ndefu kuliko ya gari inalazimishwa kwenye kona kali ili urefu uliozidi upate pa kukaa. Kwenye kona, ganda linajinyoosha unapovuta na kumeza mwendo. Kona yoyote ambayo ukiikamilisha kuwa duara, duara hilo litakuwa na upana chini ya sentimita 20 ningeikataa. Angalia pia isije ikabanwa na bawaba ya kabini au na mpira wa kuegemea. Alama ya kubanwa huonekana kama ganda limebonyea na kung'aa.

#8 A104_Mai_Mahiu

Wadau, salamu kutoka Kenya. Kabla mtu hajabomoa kitu, aangalie kama gari liliwahi kufungwa spidi gavana. Huku kwetu, tangu kanuni za trafiki za 2003 enzi za Waziri John Michuki, matatu na malori ya mizigo yanatakiwa kuwa na kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa. Vingine vinakata mafuta kwa umeme, vingine vinashika kebo au leva. Lori likiuzwa mpakani, mara nyingi sanduku linatolewa lakini breketi, pulei ndogo au kipande cha mnyororo vinabaki kwenye njia ya kebo na kuzuia mwendo.

Ukikuta masalia tu, toa. Ukikuta kidhibiti kizima na gari linatembea Kenya, usikichezee; peleka kwa waliokifunga wakipime upya, kwa sababu lakiri ikikatika utakamatwa barabarani na ukaguzi hutapita.

Tofauti kwa dalili: kidhibiti kinasikiliza mwendo wa gari, hivyo gari likiwa limesimama resi hufika mwisho. La mkuu hapa linagota hata likiwa limesimama, kwa hiyo si kidhibiti kinachofanya kazi. Labda masalia.

#9 Spana_Kumi_na_Saba

Hoja nzuri, mzee wa A104.

Nirudi kwenye pedeli yenyewe. Chini ya pedeli, au nyuma ya mkono wake, kuna bolti ya kuzuia yenye nati ya kufungia. Wengi huiona kama takataka na kuiondoa, ama wanaipandisha juu "pedeli isichoshe mguu". Kazi yake ni kubeba uzito wa mguu. Dereva akikanyaga kwa nguvu zake zote kupanda mlima Kitonga, nguvu hizo zikomee kwenye bolti ya pedeli, zisikomee kwenye leva ya pampu. Bila bolti hiyo, kila siku mguu unavuta kebo ikiwa leva tayari imegota: waya unarefuka, mkono wa leva unapinda, na meno ya shafti ya leva yanalika.

Mpangilio ni huu na usiugeuze:

Maliza kwanza ulegevu na ganda la kebo. Kisha rudisha bolti ya pedeli chini kabisa isiguse kitu. Kanyaga kwa mkono mpaka leva iguse bolti ya resi, ushikilie hapo. Pandisha bolti ya pedeli mpaka iguse mkono wa pedeli, kisha irudishe chini nusu mzunguko. Bolti ya nyuzi za milimita 1.25 kwa nusu mzunguko inakupa kama milimita 0.6, inatosha kuhakikisha leva inafika kabla pedeli haijagota. Funga nati. Rudia kipimo cha sabuni kabini ikiwa chini.

Kumbuka mwendo wa pedeli si sawa na wa kebo. Kwa kawaida pale mguu unapokanyaga panasafiri mara mbili na zaidi ya kebo. Kwa hiyo ukishusha bolti ya pedeli milimita 5 usitegemee milimita 5 kwenye pampu.

Na tikisa pedeli kushoto na kulia. Bushi ya plastiki ikiwa imekwisha, mkono unalala upande na kupoteza mwendo kabla haujavuta. Bushi ni ndogo na rahisi, isichongwe kwa kipande cha mpira wa tairi.

#10 Chuma_Chakavu

Mnazunguka sana. Toboa tundu jipya kwenye leva ya pampu karibu na shafti, mwendo utakuwa mkubwa kwa kebo ileile. Dakika tano kazi imekwisha.

#11 Nozeli_Nne

Kanuni ni sahihi ndugu, ila mahali pake si hapa. Gari lilitoka kiwandani na uwiano unaofika. Kama sasa haufiki, kuna kitu kimehama, na ukitoboa unakificha. Ganda linalosogea milimita 4 leo litasogea 8 baada ya breketi kuchoka.

Kutoboa kuna haki yake pale ambapo pampu, pedeli au injini si za gari hilo: kwa mfano 4D33 imewekwa kwenye gari lililokuwa na 4D32, au leva ya pampu imetoka kwenye gari lingine. Hapo fanya kwa hesabu. Tuseme kebo inatoa milimita 30 na leva inahitaji 38, na tundu la sasa liko milimita 57 kutoka katikati ya shafti. Zidisha 57 kwa 30, gawanya kwa 38, unapata 45. Tundu jipya liwe milimita 45 kutoka katikati ya shafti. Au ubadilishe upande wa pedeli: kama kebo imeshikwa milimita 60 kutoka pini ya pedeli, 60 mara 38 gawanya kwa 30 ni 76. Toboa hapo, ukihakikisha mkono hautagonga bati.

Njia yoyote utakayochagua, pedeli inakuwa nzito kwa zaidi ya robo, kwa sababu ulichoongeza kwenye mwendo umekilipa kwa nguvu. Mguso mdogo wa pedeli pia unaleta resi kubwa zaidi, na kwenye foleni gari linaruka. Na baada ya kutoboa, leva ikiwa katikati ya safari yake, kebo iwe imesimama pembemraba na mkono wa leva. Isipokuwa hivyo, mwendo utakuwa mwingi upande mmoja na kidogo upande mwingine, utarudi palepale.

#12 Hardtop_ya_Porini

Vipi kwa Land Cruiser ya 1HZ? Pampu yake ni ya kuzunguka, si ya mstari. Leva ikisukumwa kwa mkono inakwama kama robo kabla ya bolti ya resi. Pampu ilifunguliwa juu kubadilisha sili.

#13 Nozeli_Nne

Jibu lako liko kwenye sentensi ya mwisho. Leva ya pampu hiyo imekaa juu ya shafti yenye meno madogo. Sili ya shafti haitoki mpaka leva itoke, na leva ikirudishwa jino moja mbele au nyuma, inakula upande mmoja wa safari na kuutupa upande mwingine. Ikikaa jino moja upande wa resi, sailensi inashuka na fundi anaingiza bolti ya sailensi kufidia. Ikikaa upande wa sailensi, unapata hali yako.

Tafuta alama ya nukta au mkwaruzo kwenye ncha ya shafti na kwenye leva, zikutane. Kama hakuna aliyeweka alama, angalia kutu na rangi ya zamani, huwa inaonyesha leva ilikaa wapi miaka yote. Sogeza jino moja tu kwa wakati, kisha pima sailensi. 1HZ inakaa karibu na mizunguko 650 kwa dakika ikiwa ya moto. Ukilazimika kuizungusha bolti ya sailensi mizunguko mingi ili uipate namba hiyo, leva iko jino lisilo lake.

Chunga springi ya leva irudi na mvuto uleule. Na usifungue tena kifuniko cha juu kwa kubahatisha. Chini yake shafti imeunganishwa na springi ya gavana kwa kiunganishi kidogo. Kifuniko kikirudishwa bila kiunganishi kukaa, injini inaweza kukataa kupiga resi kabisa au ikapiga resi isiyorudi. Ukiwasha pampu iliyotoka kufunguliwa, mtu awe na ubao mpana karibu na mdomo wa hewa wa injini, tayari kuuziba.

Kuna na kifaa cha kuwashia wakati wa baridi ubavuni mwa pampu, chenye nta inayopata joto la maji ya injini. Kikiwa baridi kinasukuma leva mbele kidogo ili sailensi iwe juu. Kwa hiyo vipimo vyote vya sailensi chukua injini ikiwa imepata moto, la sivyo unarekebisha kitu kitakachobadilika baada ya kilomita mbili.

#14 Raba_ya_Klachi

Na leva ikiwa nzito tu, haijakwama?

#15 Spana_Kumi_na_Saba

Tenganisha: chomoa kebo, sogeza leva, kisha vuta waya wa kebo peke yake. Utajua kipi kizito.

Kebo nzito: angalia nyuzi zilizokatika kwenye ncha. Uzi mmoja uliochomoza unatosha kukwaruza ganda na kukwamisha. Hiyo haitibiki, badilisha. Kebo za kisasa zina plastiki ndani. Usijaze grisi nene, inashika vumbi na kuwa gundi. Matone machache ya mafuta mepesi yanatosha, na nyingine hazihitaji kitu.

Leva nzito: vumbi na dizeli vimeganda kwenye shafti. Safisha kwa brashi na dizeli safi, weka mafuta ya kupenya, isogeze mara nyingi taratibu. Ikilainika halafu ikaanza kuvuja dizeli kwenye shafti, sili imekwisha au bushi imelika. Usiiache ivuje kwa muda mrefu. Kwenye pampu ya kuzunguka, pale panapotoka dizeli injini ikifanya kazi panaweza kuingia hewa ikilala, na asubuhi itakusumbua kuwaka.

#16 Hardtop_ya_Porini

Alama zimepatikana, leva ilikuwa jino moja nje. Imerudi, inafika mwisho, sailensi imetulia. Asanteni sana.

#17 Mzee_wa_Mstari

Vijana, mmesahau kundi moja. Land Cruiser za zamani za injini ya 2H na 3B zenye gavana wa hewa. Hapo pedeli haiendi kwenye pampu. Inafungua kipepeo kwenye mdomo wa hewa, na mvuto wa hewa unapita kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye ngozi iliyo nyuma ya pampu. Mvuto ukiwa mkubwa, reki inarudi. Mvuto ukipungua, springi inasukuma reki mbele.

Kwa injini hizo, mwendo uliozuiwa unaukagua kwenye kipepeo: fungua bomba la ea klina, pedeli ikanyagwe, kipepeo kilale sambamba na njia ya hewa. Kisipolala, rekebisha kebo au fito, hesabu ni ileile. Lakini mpira wa mvuto au ngozi ikitoboka, matokeo ni kinyume: injini inapata mafuta mengi na kupiga resi bila kuombwa, kwa sababu hakuna mvuto wa kurudisha reki. Kwa hiyo anayezifanyia kazi asiuchomoe huo mpira injini ikiwa inawaka.

#18 Tani_Tatu_Nusu

Wakuu, matokeo haya hapa.

Ulegevu wa kebo umeondolewa, zimepatikana milimita 4. Ganda upande wa pampu halikuwa na klipu, lilikuwa likisogea milimita 4 nyingine; klipu imewekwa, sasa limetulia. Kulikuwa na kona kali juu ya gia boksi. Kebo imepitishwa njia ya zamani kwenye vishikio vyake na imeongeza 1. Bolti ya pedeli ilikuwa juu, imeshushwa milimita 5 ikatoa 2 kwenye leva. Jumla 11. Tundu la leva linasafiri 38, sabuni imechapwa mpaka kwenye chuma, kabini ikiwa chini. Lakiri ya pampu haijaguswa.

Resi imerudi. Swali: kuna cha kuangalia kabla ya kupakia?

#19 Nozeli_Nne

Kazi nzuri sana mkuu. Vipo vinne, na cha kwanza ni cha usalama.

Kurudi kwa leva. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mpaka mwisho na uondoe mguu ghafla. Leva igonge bolti ya sailensi kwa sauti unayoisikia. Chomoa springi ya pedeli, jaribu tena: springi ya leva peke yake irudishe leva. Irudishe ya pedeli, chomoa ya leva, jaribu. Kila moja inatakiwa kuweza kurudisha peke yake, maana moja ikikatika mteremkoni nyingine ndiyo tegemeo lako.

Mipira ya injini. Weka gia ya kwanza, breki ya mkono imefungwa, mtu mwingine asimame pembeni na si mbele ya gari, achia klachi kidogo mpaka injini ikaze. Kama injini inainuka sana upande mmoja, inavuta au kulegeza kebo, na mwendo ulioupata leo utabadilika ukiwa na mzigo.

Breki ya egzosi. Ina swichi kwenye njia ya pedeli inayoizima ukikanyaga mafuta. Umehamisha mkao wa pedeli, kwa hiyo hakikisha bado inafunga ukiachia na inafungua mara tu unapogusa mafuta. Isipofungua mapema, injini itapiga resi dhidi ya egzosi iliyozibwa, na utadhani tatizo halijaisha.

Moshi. Sasa inapata mafuta ambayo haikuwa ikiyapata. Ikitoa moshi mweusi mwingi kwenye resi ya juu ikiwa na mzigo, hilo si kosa la kebo. Ni nozeli au hewa, na lilikuwa limefichwa.

#20 Raba_ya_Klachi

Ulaji wa mafuta utaongezeka?

#21 Spana_Kumi_na_Saba

Kwa mguu uleule, unaweza kupungua. Alikuwa akisaga mlima kwa gia isiyo yake. Ukiendesha mguu ukiwa chini kabisa muda wote, utaongezeka.

#22 Chuma_Chakavu

Nimeelewa hoja ya kutoboa. Sasa swali la dhati: leva inafika mwisho, sabuni imechapwa, na bado gari halina nguvu. Unaelekea wapi, pampu kwenye mashine?

#23 Nozeli_Nne

Bado, ndugu. Pampu kwenye mashine ni gharama ya mwisho. Fuata njia ya dizeli kutoka tangini.

Weka kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani kabla ya pampu ya kuvuta na kingine baada ya filta. Washa, piga resi kamili. Vipovu vya hewa vikionekana kwenye la kwanza, kuna unganisho linalovuta hewa upande wa tangi. Mara nyingi ni waya za kukazia zilizochoka au washa za shaba zilizotumika mara nyingi. Vikionekana kwenye la pili tu, ni kwenye filta au pampu ya mkono.

Usipoona vipovu, fungua bolti yenye tundu inayoingiza dizeli kwenye pampu ya kuvuta. Nyingi zina chujio dogo la waya ndani, saizi ya ncha ya kidole, ambalo halibadilishwi hata filta ikibadilishwa mara kumi. Likiziba, sailensi inakuwa nzuri na resi ya juu inakufa. Fungua na mfuniko wa tangi pia: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba.

Halafu valvu ya kurudishia dizeli kwenye pampu ya mstari. Springi yake ikilegea, shinikizo ndani ya pampu linashuka na mafuta mengi yanarudi tangini. Kwa injini ya turbo, angalia mpira unaotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kwenye kifaa cha juu ya gavana. Ukitoboka, gavana hajui turbo inafanya kazi na anabana mafuta hata leva ikiwa imefika mwisho. Huo unaukagua kwa kuuchomoa, kuziba ncha moja kwa kidole na kupuliza nyingine.

Vyote hivi vikiwa sawa, ndipo upeleke pampu na nozeli zote pamoja. Wapimaji wape namba iliyo kwenye kibati cha pampu, kwa sababu injini ileile ya 4D33 ilitoka na pampu zenye mipangilio tofauti.